Sitatoa Neno la Shukrani

Atupele mwanangu, kamwene.

Mambo ya blanketi, mchele, kiti cha dirishani na kuangalia mabegi pale Makambako baba yako amekwisha kukueleza, na kesho stendi atayarudia yote tangu mwanzo. Hayo mimi nayaacha. Nimechukua karatasi za kalenda ya mwaka jana, zile ngumu zinazoshika nukta nundu vizuri, kwa sababu kuna jambo nimelifanya leo mchana, na usipolijua kabla hujafika Mbeya utaingia kazini unacheka wakati wenzako wamenuna.

Nimempigia simu Injinia wako wa karakana. Nimemwambia siku ya uzinduzi wa vibao sitatoa neno la shukrani, na nimemwambia kwa nini. Sikumtukana, Mungu ni shahidi yangu. Lakini sauti ilipanda mpaka mama wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Najua umeshika kichwa. Kishike, ila endelea kusoma.

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Uliponiambia kwamba iko karakana Mbeya inayotengeneza vibao vya michoro ya kugusa kwa mabaki ya plaiwudi, uzi na gundi, ili hata shule ya kijijini iweze kuvinunua kwa ajili ya watoto wasioona na wenye uoni hafifu, na kwamba katika mafundi wote waliomaliza chuo wamekuchukua wewe, niliimba alto peke yangu jikoni mpaka ugali ukaungua. Baba yako aliula hivyo hivyo bila kusema neno. Basi ujue hasira yangu imetoka kwenye furaha ile ile. Ingekuwa kazi ya kushona mapazia nisingesumbuka.

Mimi surua ilichukua macho yangu nikiwa mdogo, hata rangi sizikumbuki. Shuleni tulisoma pamoja na wanaoona. Kikifika kipindi cha maumbo, mwalimu wa hesabu alikuwa anasema, "Nyie wa nukta, tokeni nje mkapumzike, hii haiwahusu." Hatukupumzika, mwanangu. Tulikalishwa nyuma ya jiko la shule tukachambua maharage ya wenzetu. Na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilikuwa nawasikia wakiimba: mraba, pembetatu, mche mstatili, mche duara. Hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Nikamuuliza mwenzangu aliyekuwa anaona kidogo, "Mche duara ndio nini?" Akasema, "Sijui, ila mwalimu kauchora ubaoni wakapiga makofi." Nikadhani ni mti fulani wa mviringo wanaoupanda wazungu.

Ukafika mtihani. Msimamizi alikuwa ananisomea maswali, na kila akifika kwenye mchoro anasema, "Hili ruka," anaendelea na linalofuata. Ruka, ruka, ruka. Matokeo yalipotoka wakasema huyu binti kichwa chake kizuri ila hesabu hazimo. Hazimo! Nani alizitia zikakataa kuingia? Nina umri wa kuitwa bibi na bado nikilikumbuka lile neno "ruka" sindano za kufumia zinanitoka mikononi.

Kwa hiyo vibao vyenu kwangu si vitu vya kuchezea. Mtoto aliyeko nyuma ya jiko leo, na wapo, kibao kizuri kinamrudisha darasani. Kibao kibaya kinamrudisha kwenye maharage, na safari hii watasema, "Si tulikuletea kifaa?"

Sasa nikueleze habari ya shukrani, maana wewe umekua unaniona nikiitwa mbele ukadhani ni heshima tu.

Katika wilaya hii, kikija kitu cha kugawiwa wasioona, mimi ndiye mtoa shukrani. Ilianza nikiwa msichana, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mafinga. Wageni walikuja na fimbo nyeupe. Katibu akaninong'oneza, "Dada, wewe una maneno, hebu tutoe aibu." Nikasimama, nikashukuru, nikamalizia na kibwagizo cha wimbo, ukumbi ukalia. Tangu siku hiyo nikawa sina pa kujificha. Na zile fimbo, Atupele! Fupi, za mtu anayetembea kwenye sakafu. Kwenye tope la huku mwezi wa pili ncha inazama, unaichomoa kama muhogo. Lakini nilishashukuru. Walienda kwao wakaeleza kwamba fimbo zimepokelewa kwa machozi ya furaha, na waliporudi wakaleta nyingine zile zile. Ningewalaumuje? Mimi ndiye niliyewaambia ni nzuri.

Nikashukuru saa zinazotaja muda. Zikataja kwa Kichina.

Nikashukuru vitabu vya nukta vilivyosafirishwa chini ya shehena ya mabati, nukta zote zimelala. Nilipapasa ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, laini kama shuka la gesti. Pembeni yangu mzee mmoja wa Mgololo, naye haoni, akaninong'oneza kwa Kihehe, "Wewe umepata maneno? Changu kimenyamaza." Nikambana kiwiko anyamaze, nikasimama, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba leo giza limeondoka. Giza limeondoka, na kitabu hakina hata herufi moja!

Utaniuliza kwa nini. Nilifundishwa hivyo. Bibi yako alikuwa ananifinya paja, "Sema asante," kabla hata sijajua kilichowekwa mkononi ni ndizi au ni betri. Alikuwa na hofu yake, nami simhukumu: alijua kipofu asiyeshukuru hapewi tena. Lakini na mimi, nikwambie wewe kwa sababu ni wangu, nilikuwa napenda. Napenda kipaza sauti. Napenda kiti cha mbele na soda inayofunguliwa karibu na sikio langu. Napenda watu wanyamaze wanisikilize mimi, ambaye dukani wanamuuliza baba yako, "Mama anataka uzi wa rangi gani?" kana kwamba nimekufa nikazikwa. Ukikaa miaka yote unaongelewa juu ya kichwa, siku ukipewa nafasi ya kuongea huangalii unashukuru nini.

Na sasa tuje kwenye kibao chako.

Uliporudi kutoka Mbeya baada ya kufanyiwa usaili, ulinipa kile kibao cha mfano ulichowatengenezea kwa mchoro wao, ukakaa mbele yangu. Nilisikia umebana pumzi. Nikapapasa. Ubao umepigwa msasa vizuri, hakuna kibanzi, uzi umeshika, nukta zimesimama. Mkono wako niliutambua hapo. Nikaanza mchoro. Juu yai. Pembeni mwa yai mistari miwili inashuka. Chini nusu yai. Nikadhani gunia. Nikadhani samaki amening'inizwa. Ukaniuliza, "Mama, umeelewa?" Nami nikasema, "Nimeelewa mwanangu, nzuri sana, Mungu aibariki mikono yako." Ukanirukia shingoni. Nilikuwa sijaelewa kitu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko saa za Kichina. Wale walikuwa wageni. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, hujaanza hata darasa la kwanza, ulipokuja na karatasi yako unalia kwa sababu mama haoni nyumba uliyoichora. Ukachukua uzi wangu wa sweta, ukachovya kwenye uji, ukaubandika juu ya mistari. Unakumbuka? Nikapapasa nikakuambia, "Hii siyo nyumba, hii ni chura." Ukakasirika, ukabandua, ukabandika upya. "Sasa?" "Sasa ni chura aliyevaa kofia." Ukatupa karatasi chini. Ukaiokota. Mwishowe uliniwekea paa, mlango, na kijiti cha kiberiti kuwa komeo, na nikaingia kwenye nyumba ile kwa kidole changu kutoka mlangoni mpaka dirishani. Hujawahi kunipa zawadi inayoipita ile. Nilikuambia ukweli ukiwa na meno ya maziwa, halafu umekuwa fundi mwenye cheti chako ndipo naanza kukudanganya kama mgeni rasmi!

Juzi Injinia akapiga. Sauti yake nzuri, ana adabu, nilimpenda. "Shikamoo mama. Tunaandaa uzinduzi, watakuja wakubwa, tunaomba utupe neno la shukrani. Binti yako ametuambia unavyoongea." Nikaitika marahaba, nikaitika na ombi. Akanishukuru, "Ndaga fijo, mama," nami nikamjibu kwa Kinyakyusa cha baba yako, tukacheka.

Leo nikakaa kuandaa maneno. Unajua mimi sipendi shukrani ya jumla, napenda kutaja kitu. Nikachukua kibao nitafute cha kutaja. Chini ya mchoro nikasoma zile nukta ambazo siku ile nilizipita haraka kwa aibu: mche duara, mfano pipa. Nikabaki nimekaa. Mche duara! Kumbe ndiyo ule mti wao. Nikatoka nje nikapapasa mpaka kwenye pipa letu la maji ya mvua. Nikauzungusha mkono mdomoni mwake, mviringo. Nikainama nikashika chini, mviringo. Ubavu umenyooka. Mwanangu, nimechota maji humo kila siku ya ndoa yangu, nimewaogesha ninyi humo, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba lile neno la dirishani ni hili. Nilicheka peke yangu pale kwenye mchirizi wa bati kama chizi. Kisha nikarudi ndani nikashika kibao chenu kwa furaha, sasa najua kilichochorwa, nikakuta yai.

Hapo ndipo nilipopiga simu.

Nikamwambia, "Injinia, hili pipa lenu limekanyagwa na lori?"

"Samahani mama?"

"Mdomo wake ni yai. Langu hapa nje ni duara."

Akacheka kwa upole. "Aa, mama, ndivyo linavyoonekana. Ukisimama pembeni ya pipa, mdomo unaonekana umebonyea."

"Unaonekana kwa nani?"

Akasema, "Mama, tuliwapelekea wasioona kadhaa wakakishika, na walishukuru sana."

"Najua walishukuru. Na mimi nilishukuru, tena kwa mtoto wangu wa kumzaa. Uliwauliza hiki ni nini, au uliwauliza kama ni kizuri?"

Akasema vibao vimeshatengenezwa, vimejaa stoo, na wakubwa wameshaalikwa. Nikamwambia fimbo nazo zilikuwa zimeshatengenezwa. Hapo ndipo sauti ilipanda. Nilimwambia nimechoka kinywa changu kuwa kamba ya kufungia mizigo mibovu. Nilimwambia kwamba wakitoa vibao hivi, mtoto wa watu atapapasa yai, ataambiwa ni pipa, atajiona yeye ndiye mjinga, na atasema asante. Sijutii neno hata moja, ingawa nilipaswa kulisema taratibu.

Lakini nikupe na lake, nisije nikakufikisha huko umebeba upande mmoja. Alinijibu, "Mama, kwenye karatasi ya mtihani pipa linachorwa hivi hivi. Nikimchorea mtoto duara juu na mstatili chini, siku ya mtihani atakutana na yai, na hatakuwa amelizoea. Nifanyeje?" Hakuniuliza kwa dharau. Nilisikia na yeye linamsumbua. Nami nimelifikiria mpaka naandika hapa. Labda wachorewe pipa mara mbili, la kushika na la mtihani, wafundishwe kwamba wanaoona wana ugonjwa wao wa kubonyeza vitu. Labda wanaotunga mtihani ndio wa kuendewa mlangoni. Sijui. Mimi niliishia kwenye "ruka". Hiyo ndiyo kazi unayoiendea, na ni kubwa kuliko msasa na gundi.

Mwishowe akasema, "Sawa mama. Tutaongea na Atupele akifika." Simu ikakatika. Sijui aliikata au mtandao.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na vumbi lake la kiwandani, amesikia yote. "Umemwachisha mtoto kazi kabla hajaianza," akasema. "Ninyi Wahehe, hasira itawamaliza." Nikamwambia, "Na ninyi Wanyakyusa ndizi zimewalainisha mpaka mifupa." Hakucheka. Akakaa, akavua viatu, akasema taratibu, "Mke wangu, kazi za mafundi wa kike ziko ngapi mji ule?" Ana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Miaka yote nimekataa uwe fimbo yangu. Ndugu walisema, "Una binti anayeona, wa nini kuhangaika na shule, si akushike mkono?" Nikakataa, nikapapasa njia zangu mwenyewe, nikaanguka kwenye mifereji ya watu ili wewe ukae darasani. Halafu siku moja kabla hujaondoka mdomo wangu unakuja kukaa mbele ya mlango wako. Kama nimekuharibia, nisamehe. Lakini sikuweza kupiga magoti kusali nikiwa nimeahidi kushukuru uongo.

Mchungaji aliwahi kutuhubiria habari ya yule kipofu ambaye Bwana alimgusa macho, kisha akamuuliza kama anaona. Mtu yule akasema anaona, ila watu wanafanana na miti. Mahubiri yote yalikuwa juu ya imani. Mimi pale benchi la kwaya nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa: huyu bwana hakusema asante! Aliulizwa, akasema kilichopo. Na Bwana hakumwita mkosefu wa shukrani. Alimwekea mikono mara ya pili. Nililisikia somo hilo mara nyingi na bado nikaenda kushukuru vitabu vilivyolala. Mtu anaweza kuwa na neno sikioni miaka na miaka lisimshukie tumboni.

Sasa, Jumatatu watakuita mezani. Sikuambii ujibu nini. Naomba tu usinitetee kwa sababu ni mama yako. Ukinitetea hivyo watasema ni mambo ya familia, wataagiza chai, na vibao vitapakiwa. Tena usinikane kwa sababu unataka kazi. Utaipata na itakukaa vibaya. Omba siku moja. Nenda na vibao kwa watoto wenyewe, shule ipo, watoto wapo. Mpe mtoto kibao, muulize, "Hiki ni nini?" halafu ufunge mdomo. Hapo ndipo patakuwa pagumu kwako, nakujua, utataka kumsaidia kwa sababu una huruma. Usimsaidie. Akikaa kimya, na wewe kaa kimya. Akisema gunia, andika gunia. Akianza na "asante dada", mwambie asante baadaye, kwanza niambie umeshika nini. Na yule mwenye uoni hafifu atakayekiinua kibao mpaka kwenye pua, mwache akiinue. Sisi tulikuwa tunapigwa kwa hilo, eti tunachafua karatasi.

Na ikiwa watoto wote watasema ni pipa, mwanangu, basi mimi ndiye niliyekosea, kidole changu ni kizee na kimejaa sugu za sindano. Njoo uniambie. Nitampigia Injinia kumwomba radhi kwa sauti ile ile niliyompandishia.

Uzinduzi nitakuja. Nauli ya kunileta wameshaahidi, na hata wakiifuta baba yako atanileta. Kama vibao vitakuwa vimerudi mezani vikatengenezwa, nitashukuru mpaka waninyang'anye kipaza sauti. Lakini kama ni vile vile vya stoo, wakiniita jina langu nitabaki nimekaa. Ukumbi utanyamaza. Watu watageuka, mshereheshaji atadhani sijasikia ataniita tena, na wewe utakuwa mahali fulani mle ndani umevaa fulana ya kazi na uso unakuwaka moto. Najua mapenzi yako yatakusukuma. Nakuomba kitu kimoja tu, Atupele: usinyanyuke ukashukuru kwa niaba yangu.

Bwana akutangulie njia nzima, na pale asipokutangulia akufuate nyuma.

Mama yako anayekupenda, ambaye leo hashukuru kitu ila wewe.